Jumamosi Tatu za Skimu

Jumapili, 13 Aprili 1997

Sauti niliyoibeba tangu utotoni ni ya nyundo ikigonga chuma. Nilikuwa darasa la tano. Wapima ardhi walitoka Nairobi, wakapigilia kigingi cha chuma katikati ya mahindi yetu, na Tata akasimama kando akihesabu mapigo kwa midomo. Kumi na tisa. Jioni alituambia, "Sasa tuko kwenye ramani."

Tata ndivyo sisi Wagusii tunavyomwita baba. Alifika hapa mwaka 1966 pamoja na familia sabini na mbili kutoka Kisii, serikali ilipotangaza kwamba kuna ardhi ya kugawa karibu na Suna. Mahali penyewe palikuwa kichaka. Hadi leo panaitwa Skimu tu, kama vile watu wake watahama kesho. Wapimaji walisema hati za mashamba zingefuata. Miaka kumi na miwili imepita. Chuma kipo, hati hazijafika.

Chuo kikuu kimefungwa tangu Februari, baada ya mgomo. Sijui kitafunguliwa lini. Nimepata kazi ya karani wa muda katika ofisi ya kuandikisha watu hapa Suna. Siku nzima naandika majina ya watu wengine. Haya ya jioni ni yangu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Nimekwenda kazini nikiwa na viatu mkononi.

Jumatatu, 28 Aprili

Chifu amepita leo na askari wawili na gunia. Kuku wa harambee. Safari hii ni kwa ajili ya mgeni mkubwa anayekuja kumtembelea mkuu wa wilaya.

"Mwaka jana mlichukua jogoo," Mama akasema. "Mkasema ni wa barabara. Barabara iko wapi?"

"Mama, uliipa barabara jogoo, ikamla," askari mmoja akajibu, na mwenzake akacheka mpaka akaangusha gunia. Kuku wakapiga kelele ndani.

Chifu hakucheka. Akamwita kwa jina langu. "Mama Bonareri, ukiwa na maswali mengi nenda uyaulize kwenu Kisii."

"Kwetu ni hapa."

"Hapa ni kwa serikali."

Mama akaingia bandani akamtoa tetea mweusi. Tata alikuwa mlangoni, akitazama. Yeye ni mzee wa kanisa letu la Wasabato, na husema kwamba mwenye mamlaka huheshimiwa hata akiwa mpumbavu. Nilimwona mdogo leo. Nilijichukia kwa kumwona hivyo.

Ijumaa, 9 Mei

Tangazo limebandikwa ofisini. Hati za mashamba ya Skimu zitatolewa, lakini kwa wale tu wenye vitambulisho vipya vilivyoandikishwa hapa wilaya ya Migori kabla ya tarehe 30 Juni. Vitambulisho vya zamani vya watu wetu vinasema Kisii. Atakayekosa kuandikwa shamba lake litahesabiwa kuwa halina mwenyewe.

Monicah, mpiga chapa wetu, alinisomea tangazo kwa sauti kama mhubiri. "Nyar Kisii," akasema, maana hivyo ndivyo anavyoniita kwa Kijaluo, binti wa Kisii, "mwishowe mtakuwa watu wa hapa. Mtatununulia soda?"

Nikamwambia soda mbili.

Mchana Bwana Wesley, afisa wetu, aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi. Si mtu mbaya. Hana subira tu, na kwao ni mbali. "Karani, hao watu wa Skimu huwa nyumbani wote siku gani? Sitaki kuzunguka mlango kwa mlango kwenye matope."

"Jumamosi," nikasema. "Hawaendi shamba wala soko."

"Safi." Akaandika.

Nilijibu kama mtu anayejibu swali la mtihani. Nilikuwa najumlisha safu ya fomu na sikutaka kupoteza hesabu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tena. Mahindi yamefika magotini.

Jumanne, 20 Mei

Ratiba imetoka. Skimu: Jumamosi 7, 14 na 21 Juni, saa tatu hadi saa kumi na moja jioni.

Nilisoma mara tatu ndipo nikaelewa nilichofanya. Mtu wa Skimu hawashi moto siku ya Sabato. Uji wa watoto hupikwa Ijumaa ukafunikwa. Mama hata sindano hashiki. Mimi nimekaa chuoni miaka mitatu nikila wali wa Jumamosi kama siku nyingine, na katika miaka hiyo kitu fulani kimenitoka bila kuniaga.

Nilikwenda mezani kwa Bwana Wesley. Nikamwambia siku hizo hazifai, wale ni Wasabato.

"Si ni wewe uliyeniambia?"

"Ni mimi."

"Basi." Akanionyesha nakala yenye muhuri. "Ratiba imeshatumwa Nairobi. Kuibadilisha lazima Nairobi wajibu. Unajua wao hujibu lini?"

Sikumwambia mtu nyumbani.

Jumamosi, 24 Mei

Baada ya ibada watu walibaki kanisani kuzungumzia ratiba. Mokua alisimama wa kwanza. Ana miaka thelathini, analima tumbaku, jambo ambalo wazee wa kanisa hawajamsamehe, na ana sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto.

"Wamechagua Sabato makusudi! Wanajua hatutakuja. Mtu wao wa ndani amewaambia."

Nilitazama kucha zangu.

"Mokua, keti," Tata akasema. "Hatujui moyo wa mtu. Sabato huisha jua likizama. Tutakwenda sote, tutaketi mbele yao, na jua likizama tutaweka vidole. Hakuna atakayesema tulikataa."

"Na wakiondoka kabla?"

"Mtu anaweza kuondoka mbele ya watu mia mbili walioketi wakimngoja?"

Waliinua mikono. Karibu wote walikubaliana na Tata. Aliamini kabisa kwamba aibu ni kitu ambacho serikali inacho.

Jumanne, 3 Juni

Ryoba, jirani yetu Mkuria upande wa malisho, amepata karatasi yake ya kungojea kitambulisho. Kwao walipangiwa Jumatano. Aliweka kidole, akaenda kukamua ng'ombe.

Jumamosi, 7 Juni

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa.

Tulifika saa tatu, Bwana Wesley, dereva na mimi, tukaweka meza kwenye baraza ya shule. Kibao cha wino, fomu, kitambaa cha kufutia vidole. Hadi saa saba hakuja mtu. Tulisikia nyimbo kutoka kanisani. Bwana Wesley alisoma gazeti la juzi, akalisoma tena.

Kisha wakaja. Walikuja kwa mstari, wanawake wamevaa nguo zao nyeupe, wanaume na makoti yao, wazee waliofika hapa wakiwa vijana na watoto waliozaliwa hapa. Wakaketi kwenye nyasi zilizolowa. Niliwahesabu kwa sababu ni kazi yangu. Watu wazima mia mbili na kumi na wanne. Mama alikuwa safu ya pili na hakunitazama, ili nisione haya.

Tata akaja mezani. "Bwana Afisa, tumefika. Jua likizama tutaweka vidole."

"Mzee, kuweka kidole ni kazi?"

"Kwako ni kazi. Unalipwa."

Watu wakacheka. Hata dereva alicheka.

"Mimi naondoka saa kumi na moja," Bwana Wesley akasema. "Barabara yenu ikilowa zaidi, gari halitoki."

"Barabara yetu?" mwanamke mmoja akaita kutoka nyuma. "Muulize chifu, ameimeza na manyoya yake!"

Tata alitoa mfukoni kalenda ya kanisa, ile inayoonyesha saa za jua kuzama kila Ijumaa na Jumamosi. Akaiweka juu ya fomu. "Saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili."

"Mimi nafuata saa za serikali, mzee."

Tata akaichukua kalenda, akaikunja, akarudi kuketi. Wakangoja. Sijawahi kuona watu wakingoja hivyo. Hawakuomba, hawakuzozana. Mtoto akilia alipewa titi. Ryoba alipita na fimbo yake, akasimama akawatazama.

"Momanyi," akamwita Tata, "huyu Mungu wenu ana saa ya mkononi?"

"Ana jua."

"Basi mwambieni alivute kidogo. Mimi nilimaliza kwa dakika tano."

Wakacheka tena, na Ryoba akaketi nao, yeye ambaye hakuwa na haja ya kuketi.

Saa kumi mawingu yakafunga. Kukawa giza kama la jioni. Mokua akaruka juu. "Jua liko wapi? Nani analiona? Kama halionekani limezama! Twendeni mezani!"

Watu kadhaa walisimama. Nikajikuta nimeshika kalamu. Tata hakuinua sauti.

"Mokua, usiku ukiingia bila mwezi, utasema mwezi umekufa?"

Mmoja mmoja wakaketi. Mvua ikaanza kuwanyeshea na hakuna aliyeondoka.

Saa kumi na moja kasoro robo niliinama kwa Bwana Wesley. "Ni saa moja na dakika hamsini na saba tu zilizobaki hadi jua lizame. Nakuomba."

"Wewe ni karani wangu au binti yao?"

Sikujibu. Nimejibu mara nyingi baadaye, njiani, kitandani, lakini pale sikujibu.

Saa kumi na moja kamili alifunga kibao cha wino. Mimi ndiye niliyebeba sanduku hadi garini. Nilipita kati yao, nao wakasogeza miguu kunipisha, kwa adabu, kama wanavyompisha mgeni.

Ndani ya gari akanipa fomu ya taarifa. Waliofika: 214. Walioandikwa: 0. Sababu. "Andika, wamekataa," akasema. Niliandika. Ni mwandiko wangu. Una herufi nzuri.

Jumapili, 8 Juni

Mama amenipa chai na hakuniuliza kitu.

Jumamosi, 14 Juni

Gari limekwama mtoni, hatukufika Skimu kabisa. Niliandika kwenye fomu: gari lilikwama. Bwana Wesley alikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: wamekataa. "Nairobi hawataki hadithi za magari," akasema.

Watu walingoja hadi saa moja usiku.

Jumamosi, 21 Juni

Leo hakuja mtu ila Mokua. Alikuja saa sita mchana, jua likiwaka kweupe, mbele ya macho ya mke wake na wazee waliosimama mlangoni mwa kanisa. Akaweka vidole vyote kumi. Alifumba macho kwa kila kidole. Kumbe yule mwenye kelele nyingi anaogopa kama sisi.

Kisha Bwana Wesley akageuza fomu. Nyuma panatakiwa sahihi ya chifu kuthibitisha kwamba mtu ni mkazi. Chifu alikuwa ameketi pale pale, anakunywa chai yetu.

"Huyu simjui," akasema.

"Chifu! Ulikula kuku wangu mwezi wa nne!"

"Kuku namkumbuka. Wewe sikujui. Rudi Kisii ukaandikwe."

Mokua alitazama vidole vyake vyeusi. Ameivunja Sabato bure. Nikafahamu basi kwamba hata nisingetaja Jumamosi, fomu ingegeuzwa. Ilipaswa kunipunguzia mzigo. Haikupunguza.

Jumapili, 22 Juni

Skimu imechagua chifu wake.

Walifanya kwa mlolongo, kama serikali ilivyotufundisha mwaka wa themanini na nane: kila anayetaka fulani asimame nyuma yake. Mlolongo wa Mokua ulikuwa na kelele. Mlolongo wa Tata ulikuwa mrefu, ulizunguka shule ukatokea upande wa pili. Hakukuwa na udanganyifu, kwa hiyo uchaguzi ulichukua dakika kumi.

Nilidhani Tata angekataa. Badala yake akasema, "Nimewaambia miaka yote mheshimu mamlaka. Sasa nawauliza: mamlaka ambayo haitaki kujua jina lako, inataka uiheshimu kwa lipi?"

Nilikuwa nimemwona mdogo mwezi wa nne. Nilikuwa mjinga.

Jioni akaniita niandike barua ya kwenda Nairobi, kwa sababu ya mwandiko wangu. Alisema polepole, nami nikaandika: Sisi wa Skimu tulioitwa na serikali mwaka 1966 tukafyeka kichaka, tuliojenga shule na josho la ng'ombe kwa mikono yetu, kuanzia leo hatutatoa kuku, hatutachimba barabara, wala hatutamtambua chifu ambaye hatukumchagua, mpaka tuandikwe kuwa watu wa hapa. Tuliketi tukangoja. Hatukukataa.

Kwenye "hatukukataa" kalamu ilisimama. Tata alidhani wino umekwisha.

Watu wote mia mbili na kumi na wanne waliweka vidole chini ya barua. Ilikuwa Jumapili.

Jumatatu, 30 Juni

Tarehe imepita. Mvua imepungua. Barua haijajibiwa.

Jumanne, 8 Julai

Redio imesema jana kulikuwa na rabsha Nairobi, watu wakidai mabadiliko ya katiba. Mokua na vijana wake walisikiliza asubuhi, na kufikia mchana walikuwa kambini kwa chifu. Hawakumpiga. Walishusha bendera, wakaikunja vizuri, wakamkabidhi, wakamwambia aipeleke kwa mwenyewe. Chifu alivuka mto, maji kifuani, bendera kichwani. Kisha wakafungua banda wakawatoa kuku wote. Jioni nzima kina mama walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba: "Huyu si tetea wako?" Sijawahi kusikia Skimu ikicheka hivyo.

Tata alikasirika. "Nani aliwatuma?" Mokua akamjibu, "Mzee, wewe ndiye uliyeanza. Sasa unataka tukae tungoje jua gani?"

Tata akaingia ndani. Nilicheka na wengine, na ndani yangu palikuwa baridi.

Alhamisi, 10 Julai

Nilikuwa ofisini malori matatu ya askari yalipopita yakielekea kwetu. Monicah alinishika mkono akanikalisha. "Nyar Kisii, ukienda watakuchukua na wewe. Piga chapa kitu. Piga chochote."

Nilipiga chapa alfabeti, ukurasa mzima.

Wamekamatwa watu kumi na wawili. Tata alikuwa akiwangoja barabarani, amevaa koti. Alisema, "Mimi ndiye chifu." Askari mmoja akampiga magotini kwa kitako cha bunduki, akasema, "Chifu gani?" Haya yote Mama ndiye aliyenihadithia. Alisimulia bila kulia, akipepeta mtama. Mokua hakuwepo. Wanasema amevuka mpaka kuingia Tanzania.

Jumatatu, 14 Julai

Sikulala. Siandiki leo.

Jumatano, 16 Julai

Bwana Wesley alifunga mlango wa ofisi. Ana taarifa ya kurasa nne kwenda Nairobi. Inasema watu wa Skimu waliitwa mara tatu kuandikishwa wakakataa mara tatu, kwa uchochezi. Inahitaji sahihi mbili, yake na ya karani aliyekuwepo.

"Mkuu wa tarafa amesema ikiondoka Ijumaa na sahihi zote, wazee wataachiliwa bila mashtaka. Bila taarifa, Jumatatu wanapelekwa Homa Bay, mahakamani. Uchochezi, Bonareri. Unajua baba yako ana umri gani."

"Na mashamba?"

"Mashamba yatafuata taarifa."

Alinitazama kama mtu anayenihurumia. Labda ananihurumia.

Alhamisi, 17 Julai

Niliruhusiwa dakika chache kwenye dirisha la mahabusu. Tata alishika nondo ili asimame. Magoti yamevimba, suruali imembana kama ngozi.

Nilimweleza habari ya taarifa. Kisha nikamwambia lile lingine, lote, kutoka swali la Bwana Wesley hadi jibu langu. Nilisema haraka, kwa Kigusii, ili askari asielewe.

Akaegemeza paji la uso kwenye nondo.

"Aliuliza watu wako nyumbani siku gani?"

"Ndiyo, Tata."

"Na wewe ukasema kweli."

"Ndiyo."

"Basi usianze uongo kwa ajili yangu. Usitie sahihi. Homa Bay nitafika. Huko nako kuna watu."

Akajaribu kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akashindwa, akatabasamu ili nisione.

Nyumbani Mama aliniuliza Tata amesema nini. Nikamwambia. Akaweka ungo chini. "Huyo ana kanisa zima la kumsifu. Mimi nina yeye. Wewe, mtoto wangu, una kalamu tu. Fanya unachofanya, usiniulize."

Jumamosi, 19 Julai

Tata yuko nyumbani. Waliachiliwa wote kumi na wawili jana alasiri, bila maelezo. Leo watu walijaa uani baada ya ibada. Ryoba ameleta maziwa. Wanawake waliimba. Wanasema serikali imeogopa. Wanasema barua yetu imesomwa Nairobi. Mzee mmoja alilia akasema sasa hati zitakuja, alijua tu, ilikuwa ni kungoja.

Tata ameketi na miguu juu ya kigoda. Ananitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kama mtu mzima mwenzake. Anaamini nilimtii. Aliwaambia wageni, "Binti yangu walimbana huko ofisini, akasimama." Walinishika mikono, mmoja baada ya mwingine.

Walipoondoka aliniita. Anataka kesho tuandike barua ya pili. Ya kwanza, anasema, ilikuwa na neno letu tu, na neno letu halina shahidi. "Hii tuweke kwamba karani wao wenyewe alikuwepo Jumamosi ile, aliona kwa macho yake kwamba hatukukataa. Uweke jina lako. Ukiandika wewe, Nairobi hawawezi kupinga."

Nikasema sawa, Tata, kesho.

Sasa Mama amelala, Tata pia amelala, nasikia anavyopumua. Sikumwambia. Niliitia sahihi ile taarifa jana, saa nne na robo asubuhi, nakala tatu, kwa jina langu lote, na gari la barua liliondoka saa sita.